Fahamu: Fundi magari hufundwa wapi, chuoni au gereji?

Tanzania mafundi magari wengi hupitia moja ya njia mbili. Kuna vyuo, hasa vile vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya 1994. Kuna na gereji ya mtaani, ambako kijana huanza kwa kumshikia fundi spana. Uanagenzi pacha huzichanganya: mwanafunzi hugawa muda wake kati ya chuo na mahali pa kazi.

Tofauti huonekana gari linapomisi. Kijana wa gereji hubadilisha plagi, kisha koili, mpaka injini itulie. Anayeumia ni mwenye gari. Wa chuo huchomeka mashine ya kupimia, akasoma msimbo P0303: silinda ya 3 haichomi vizuri. Lakini msimbo hautaji kipuri kibovu. Mwalimu mzuri hapo hatoi jibu. Humwagiza ahamishie koili ya silinda ya 3 kwenye ya 1. Msimbo ukigeuka P0301, koili imekufa. Usipogeuka, aangalie plagi, nozeli, hata kompresheni.

Zoezi hilo halifai kitu ikiwa darasa zima linazunguka injini moja na wawili tu ndio wanaoigusa. Kwa hilo gereji inakishinda chuo, maana magari mabovu haiyakosi.