Mlinzi mmoja wa mlango hatoshi

Kompyuta ndogo iliyowekwa nyumbani inaweza kutunza picha za familia, nyimbo za kwaya na kitabu cha hesabu cha kikundi cha akiba. Anayetaka kuvifungua kwa simu hupitia kwanza programu inayoitwa proksi ya kinyume, kama vile Nginx au HAProxy. Kazi yake ni ya mlinzi wa mlango: inapokea kila ombi, inaangalia ni huduma gani inayotafutwa, kisha inalipeleka kwenye mashine inayohusika.

Mlinzi huyo akianguka, nyumba yote imefungwa, hata kama vya ndani ni vizima. Siku ya kugawana akiba wanachama watakaa wakingoja hesabu isiyofunguka, na mashaka yataanza kuingia kati yao, ingawa hakuna hata faranga moja iliyopotea. Ndiyo sababu tunashauri kuweka walinzi wawili.

Tuseme mashine ya kwanza ina anwani 192.168.1.11, na ya pili 192.168.1.12. Tunachagua anwani ya tatu, 192.168.1.10, itakayokuwa ya pamoja. Maombi yote yanaelekezwa kwa hiyo tu, na tunahakikisha kwamba ruta haiigawi kwa kifaa kingine. Kisha tunaweka programu ya Keepalived kwenye mashine zote mbili. Programu hiyo inafuata utaratibu wa VRRP, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1998.

Mashine yenye kipaumbele cha juu, kwa mfano 150, inashika anwani ya pamoja na kutangaza kila sekunde 1 kwamba iko hai. Ya pili, yenye 100, inasikiliza tu. Ikikosa matangazo hayo kwa muda wa sekunde 3 na nusu hivi, inaichukua anwani na kuujulisha mtandao. Aliyekuwa katikati ya kupakua wimbo atakatika na kuanza tena, lakini hana cha kubadilisha kwenye simu yake.

Kuna mambo matatu ambayo yasiposhughulikiwa, kazi hii yote ni bure. Kwanza, mashine inaweza kuwaka huku Nginx iliyo ndani yake imesimama, na matangazo yakaendelea kama kawaida. Kwa hiyo Keepalived ipewe amri ya kuipima proksi yenyewe kila baada ya sekunde chache, na kuachia anwani ikiwa haijibu. Pili, mipangilio na vyeti vya usalama viwe sawa pande zote mbili; cheti kikifanywa upya upande mmoja, kinakiliwe upande wa pili. Tatu, umeme. Mashine mbili zinazotegemea waya mmoja au betri moja zitazimika pamoja.

Tukumbuke pia kwamba walinzi wawili hawalindi ghala. Ikiwa diski yenye hesabu itaharibika, proksi haitairudisha. Nakala iliyotunzwa mahali pengine bado inahitajika.

Mwisho, msingoje siku ya shida. Chagueni jioni isiyo na kazi, chomoeni mashine ya kwanza, kisha fungueni kitabu cha hesabu kwa simu. Kikifunguka, irudisheni na mchomoe ya pili. Hapo ndipo mtajua kama kweli mna walinzi wawili.