Anayewabeba Watoto Wetu Naye Apumzike

Mtoto ni amana, na kila asubuhi twaikabidhi amana hiyo kwa mtu ambaye wengi wetu hatumjui hata jina: dereva wa basi la shule. Twauliza karo, twauliza matokeo ya mtihani, twauliza chakula. Ni nadra kuuliza kama dereva alilala.

Wako wazazi wa Pwani wenye watoto katika shule za bara, basi na tutazame Keumbu, Kaunti ya Kisii, kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Keroka. Ni nchi ya vilima, migomba na mvua nyingi. Ukiiacha lami, njia za udongo huteleza mno mvua inyeshapo. Dereva wa eneo kama hilo huamka kabla ya alfajiri, akakagua maji, mafuta, breki na magurudumu, ndipo awakusanye watoto. Akisha kuwashusha, hutumwa kuleta mahindi na maharagwe, au kumkimbiza mgonjwa hospitalini. Jioni huwarejesha watoto makwao. Jumamosi na Jumapili kuna michezo, kwaya, na pengine mazishi.

Tena katika shule za umma, dereva haajiriwi na Tume ya Huduma za Walimu. Mwajiri wake ni Bodi ya Usimamizi wa shule, na ujira wake hutegemea karo na fedha za serikali. Fedha zikichelewa, mwalimu wa Tume hupata mshahara wake, dereva akangoja. Dini yetu imehimiza aliyetoka jasho asicheleweshewe haki yake.

Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi 3 au zaidi, siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Sheria ya Trafiki yakataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Mwili wa dereva wa shule hauna tofauti na wa hao.

Ubaya mkubwa ni huu: asiye na mkataba huogopa kusema. Akiona breki zimelika, au macho yamemwelemea, hunyamaza asije akafukuzwa. Kimya hicho ndicho kinachowapanda watoto wetu garini.

Basi katika mkutano ujao wa wazazi, tuulize mambo matatu: Dereva wetu ana mkataba? Hupumzika siku gani? Mshahara wa mwezi uliopita amelipwa? Na ikibidi kuongeza kidogo katika ada ya usafiri ili apatikane dereva wa pili, tusione uzito. Kumhurumia dereva ni kuwalinda watoto wetu.