Taa usiku kucha bandani huwapa wafugaji hasara

WAFUGAJI wengi wa kuku wa nyama mijini huwasha taa bandani usiku kucha, tangu vifaranga wanapoingia hadi siku ya kuuzwa, kwa imani kwamba kuku asiyelala hula zaidi na kunenepa upesi. Imani hiyo ina ukweli nusu tu.

Kifaranga huanguliwa akiwa na mabaki ya kiini cha yai tumboni, yanayoweza kumweka hai kwa siku mbili au tatu bila kula. Ndiyo maana husafirishwa mbali ndani ya maboksi. Hata hivyo, akiba hiyo si ruhusa ya kumchelewesha, kwani chakula cha kwanza ndicho kinachochochea utumbo kukua.

Kifaranga mgeni hutafuta chakula kwa macho. Kwa sababu hiyo, siku za mwanzo huhitaji mwanga mkali kwa takriban saa 23. Saa moja ya giza humzoesha, ili umeme ukikatika ghafla vifaranga wasirundikane na kufa kwa kukosa hewa. Chakula huwekwa kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Baada ya saa 24, mfugaji apapase gole, kifuko kilicho chini ya shingo: likiwa limejaa na ni laini, kifaranga amekula na kunywa, likiwa gumu, maji hayakutosha.

Kosa huanza baada ya wiki ya kwanza. Kuku anayemulikwa mfululizo hunenepa kuliko uwezo wa mifupa na moyo wake. Hapo ndipo huonekana miguu iliyopinda, matumbo yaliyojaa maji, na kuku wanono kufa ghafla wakati mnunuzi yuko njiani. Anayepata giza hukua polepole kidogo mwanzoni, kisha hufidia. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2007, unataka kuku wa nyama wapate angalau saa sita za giza kwa siku, nne kati ya hizo bila kukatizwa.

Ugumu upo kwa wanaotumia balbu kutia joto, maana taa ikizimwa na joto hutoweka. Jiko la mkaa hutoa joto bila mwanga mkali, mradi banda lipitishe hewa ya kutosha.

Katika miji yenye joto kama Dar es Salaam, kuku hula kidogo mchana. Giza la kuanzia saa 4 usiku hadi saa 10 alfajiri huwaachia saa za ubaridi kabla ya jua kuchomoza, na vyombo viwe vimejazwa chakula na maji kabla taa haijawashwa.