Rafiki Tusiyemjua

Mtandao wa Facebook humruhusu mtu kuwa na marafiki 5,000, idadi iliyozidi askari wa batalioni nzima. Je, ni wangapi kati yao tunaowajua kwa sura na tabia?

Mwaka 2017 jeshi la Israel lilitangaza kwamba wanachama wa Hamas, wakijifanya wasichana, waliomba urafiki na askari wake mtandaoni. Waliokubali walishawishiwa kupakua programu zilizogeuza simu zao kuwa macho na masikio ya adui. Mlango ulifunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe.

Langoni pa kambi, mlinzi humwuliza kila ajaye jina lake na atokako. Nasi wananchi hatuna budi kufanya vivyo hivyo: tusiyemfahamu tusimkubali. Hicho si kiburi, bali ni ulinzi wa jamaa zetu.