Buluu Isiyoota Msituni

Mwambie mtoto wa darasa la tatu hapa Kisangani achore bendera ya nchi yake, hatauliza mara mbili: uwanja wa buluu ya mbingu, nyota ya njano juu upande wa kushoto, na mstari mwekundu wa mshazari wenye kingo za njano. Ndivyo Katiba ya Februari 2006 inavyoieleza. Nyekundu, njano na buluu ni rangi zilezile ambazo walimu wa uchoraji kwa desturi huziita za msingi.

Akimaliza, mwachie rangi zake na kikombe cha maji. Muda si mrefu kila kitu kitakuwa na rangi moja, ya tope la barabarani baada ya mvua. Wako walimu wanaomkaripia kwa kuharibu rangi, na nawaelewa: kopo dogo hugawiwa darasa zima. Lakini tope lile ndilo somo lenyewe.

Mwanga wa jua umebeba rangi zote. Isaac Newton aliutenganisha kwa kipande cha kioo cha pembe tatu, na mwaka 1704 akayaeleza majaribio yake katika kitabu cha Opticks. Rangi ya kupaka haitoi mwanga wake. Humeza sehemu ya mwanga unaoiangukia na kurudisha sehemu iliyobaki. Jani la sombe humeza nyekundu na buluu, likarudisha kijani. Mawese humeza buluu na zambarau, ndiyo maana chupa yake huwaka kama chungwa juani. Changanya rangi mbili, kila moja itameza fungu lake. Kijani ndilo fungu ambalo njano na buluu ya mbingu zote mbili huliacha. Tia na nyekundu, nayo itameza hata hilo. Kinachofika machoni ni kidogo, nasi tunakiita tope.

Kioo cha simu hufuata njia nyingine, kwa kuwa chenyewe hutoa mwanga. Weka tone dogo la maji juu yake palipo na weupe: tone litakuza vinukta vyekundu, vya kijani na vya buluu. Humo nyekundu na kijani zikikutana huzaa njano. Mtoto aliyeona hayo hatashangaa tena kwa nini rangi za simu hazifanani na za brashi.

Sasa, shule isiyo na kopo hata moja ifanyeje? Udongo mwekundu uko chini ya miguu yetu, nao wekundu wake ni kutu ya chuma. Mkaa uko kwenye mbabula. Udongo mweupe, mpembe kwa Kilingala, na unga mwekundu wa ngola utokao katika mti, vimepaka miili na vinyago vya watu wa msitu huu tangu zamani. Mashariki yetu, katika msitu wa Ituri, wanaume wa Wambuti hupondaponda magome ya miti ya jamii ya mkuyu mpaka yawe nguo, kisha wanawake huyachora kwa rangi za mimea na mkaa. Hawa ni wachoraji wa kweli, na nasikitika kila nionapo kitabu cha shule kinachoanza habari za rangi Ulaya.

Kiswahili chenyewe kinashuhudia. Tunasema kitambaa cheupe, cheusi, chekundu. Rangi hizo tatu tu ndizo zinazobadilika kufuata ngeli. Nyingine tumeziazima kwa vitu: kijani ni majani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda. Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay walitoa hoja kwamba lugha yenye majina matatu tu ya rangi huwa na nyeupe, nyeusi na nyekundu. Ni zilezile za mpembe, mkaa na ngola.

Buluu ndiyo adimu. Iliyo rahisi kupata ni ile ya kufulia nguo nyeupe, ambayo kwa kawaida ni ultramarini. Zamani ilisagwa kutoka jiwe la thamani la Afghanistan, hadi Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alipopata namna ya kuitengeneza, akatuzwa mwaka 1828. Huchomwa tanurini kwa udongo mweupe, magadi, salfa na mkaa. Kumbe nusu ya viungo vyake tunavyo uani!

Na hata ikikosekana, mkaa una siri yake. Uusage laini, uchanganye na udongo wa njano: utapata kijani kizito, kama cha msitu wakati wa jioni. Uchanganye na mpembe, utapata kijivu kinachoelekea buluu. Uji mwepesi wa unga wa muhogo utashikisha rangi kwenye karatasi. Kisha mwalimu achome bonge la udongo wa njano juu ya mbabula: moto hufukuza maji yaliyofungwa ndani yake, nao huwa mwekundu.

Nawasihi walimu wenzangu: msianze kwa kuchora duara la rangi ubaoni ili wanakili. Watumeni watoto kwanza wakaokote udongo, kila mmoja na wake, wachanganye wenyewe. Tope likitokea, waulizeni ni rangi gani imemeza mwanga wote.