Fahamu: Saints na mfuko wa kulipia majeraha

Mwaka 2012, ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, ilitangaza kuwa walinzi wa New Orleans Saints walikuwa na mfuko wa siri tangu 2009. Ukimpiga mpinzani akashindwa kuendelea, dola 1,500. Akitolewa uwanjani kwa kubebwa, dola 1,000. Aliyeusimamia ni kocha wa ulinzi, Gregg Williams.

Kocha mkuu, Sean Payton, alifungiwa msimu mzima. Klabu ikatozwa dola 500,000. Wachezaji wanne nao walifungiwa, lakini Paul Tagliabue, aliyesikiliza rufaa, alizifuta adhabu zao na kuwatwisha makocha lawama kubwa. Alifanya haki: kijana anayepigania namba kikosini atamkatalia vipi kocha wake? Williams, aliyefungiwa bila kikomo, alirejea kazini 2013.