Pichi Isiyo na Kokwa

Katika maduka ya Mtwapa, msomaji mpenzi, zipo chupa za marashi zilizochorwa pichi. Tunda hilo lina kokwa, mfano wa embe letu. Lakini mara nyingi ndani ya chupa hamna hata tone la maji yake. Harufu ile hutoka maabara. Watengenezaji wa manukato waliiita kemikali iitoayo “aldehidi C-14”, ilhali si aldehidi, wala haina atomi 14 za kaboni: ni laktoni yenye 11. Jacques Guerlain aliitia katika marashi yake ya Mitsouko mwaka wa 1919, nayo yakavuma.

Basi chupa moja yaweza kutudanganya mara tatu: kwa picha, kwa jina na kwa tarakimu. Kikuba cha mama zetu hakifichi kitu. Asumini na majani ya mrehani huonekana. Na Kiswahili hutenganisha kunuka na kunukia kwa kiambishi kimoja tu.

Walimu wenzangu, masomo ya kemia na Kiswahili na yakutane hapa. Mwanafunzi akaririye majina bila kuhoji yaliyomo amenunua picha ya tunda, akidhani amelila.